Namna ya Kusoma Ramani za Fundi kabla ya Kutia Sahihi

Ndugu Wanachama,

Karatasi saba za ramani ya ghala jipya na sakafu ya kuanikia zimekwisha fika afisini, nazo zimetandazwa juu ya meza ndefu. Katika mkutano ujao tutatakiwa tuzikubali au tuzikatae. Mwenyekiti akishatia sahihi na mhuri ukipigwa, fundi atajenga yale yaliyomo katika karatasi hizo, si yale tuliyokuwa nayo mioyoni mwetu. Ikiwa mlango umechorwa mahali pasipofaa, utajengwa mahali pasipofaa, na gharama ya kuuhamisha itakuwa juu ya mfuko wa chama. Kwa sababu hii Kamati imenitaka niandike maneno ya kumsaidia kila mwanachama atakayekuja kuzitazama.

Mimi si mhandisi. Ninachokijua nimekipata kwa kuuliza, na sehemu moja nimeipata kwa hasara, nitakayoieleza mbele bila ya kuificha. Lakini nimeona kwamba elimu hii haina uchawi. Mtu aliyekaa chuoni anajua kwamba herufi moja husomwa namna mbali mbali kwa irabu yake, na mtoto aliyezishika irabu husoma hata neno asilopata kulisikia. Ramani nayo ina irabu zake: mstari mnene, mstari mwembamba, mstari uliokatika, mshale, namba, alama ndogo pembeni. Mwenye kuzijua chache katika hizo anaweza kuisoma ramani iliyochorwa Unguja, Mombasa au Ulaya, maana kanuni zake karibu ni moja duniani. Shirika la Kimataifa la Viwango, yaani ISO, limeziandika, na zile za mistari ziko chini ya namba ISO 128.

Nimeona kila mwanachama anayeingia afisini huikimbilia picha ya ghala. Naomba tuanze pengine. Tazameni pembe ya chini ya upande wa kulia wa karatasi. Hapo pana kisanduku chenye maandishi madogo, na humo ndimo mlimo jina la kazi, namba ya karatasi, tarehe, skeli, jina la aliyechora na jina la aliyekagua. Nafasi ya aliyekagua ikiwa tupu, ulizeni. Karibu na hapo pana herufi moja, nayo ndiyo muhimu kupita zote: ni herufi ya marekebisho. Ramani zetu zilikuja mara ya kwanza na herufi A. Kamati ikaomba mlango mkubwa upanuliwe na mteremko wa sakafu ya kuanikia ugeuzwe, zikarudi na herufi B. Kila palipobadilishwa, mchoraji amezungusha mstari wa mawimbi mfano wa wingu, na kando yake ameweka pembetatu ndogo yenye herufi B ndani. Basi anayetaka kujua nini kimebadilika hana haja ya kulinganisha karatasi nzima, atafute mawingu tu. Najua wako waliopiga picha za herufi A kwa simu zao. Tafadhali zifuteni. Fundi akipewa karatasi ya zamani na mwenye kazi akashika ya sasa, wote wawili watakuwa wakweli na nyumba itakuwa ya uwongo.

Baada ya kisanduku ndipo twende kwenye picha. Ramani ya kazi haimchorei mtu nyumba kama anavyoiona akisimama njiani, ukuta wa mbali ukawa mdogo na wa karibu ukawa mkubwa. Picha ya namna hiyo hupendeza lakini haipimiki. Mchoraji hukitazama kitu upande mmoja mmoja, kila upande kwa unyoofu wake, na kila mtazamo huitwa sura. Iko sura ya juu, sura ya mbele, sura ya ubavu. Aliyeifanya njia hii kuwa elimu kamili ni Mfaransa, Gaspard Monge, katika karne ya 18, akiwafundisha maofisa wa jeshi. Kwa miaka mingi waliifanya siri ya kijeshi, na masomo yake yakatoka katika kitabu mwaka 1799. Siri hiyo leo iko juu ya meza yetu.

Juu ya sura ya juu ya nyumba liko jambo ambalo wengi hawalijui. Si paa linaloonekana kwa ndege. Ni kama kwamba nyumba imepitishwa msumeno kwa ulalo, kiasi cha mita 1 na kitu kutoka sakafuni, kipande cha juu kikaondolewa, nasi tukachungulia ndani. Ndiyo maana mnaona madirisha na milango katika karatasi ya 2, na kuta zimekuwa njia mbili nyeusi. Karatasi ya 4 inayo mikato iliyosimama. Fenesi likikatwa kati huonesha kokwa na utomvu, na nyumba iliyokatwa huonesha msingi, sakafu, ukuta na paa kwa pamoja. Mahali kisu kilipopita pameoneshwa katika karatasi ya 2 kwa mstari wenye herufi moja kila ncha, A na A, au B na B, pamoja na mishale. Mishale hiyo inaeleza tunatazama upande gani baada ya kukata. Msiipite, maana nusu mbili za fenesi hazifanani.

Sasa mistari. Mstari mnene uliotimia ni ukingo unaoonekana, na katika mkato ni kitu kilichokatwa. Mstari wa vipande vifupi vifupi ni ukingo uliopo lakini umefichwa na kitu kingine, kama bomba lililopita chini ya sakafu. Mstari mwembamba wa kipande kirefu, kifupi, kirefu, kifupi, ni mstari wa kati wa kitu: katikati ya nguzo, katikati ya tundu, katikati ya pipa. Huo haujengwi. Hali kadhalika mistari myembamba yenye mishale au vikwaju kwenye ncha zake ni ya vipimo tu. Mistari ya mshazari iliyojazwa ndani ya ukuta huonesha kwamba hapo pamekatwa, na zege mara nyingi hujazwa vitone na vipembetatu mfano wa kokoto. Lakini wachoraji hutofautiana hapa, kwa hiyo someni ufunguo uliowekwa kando ya karatasi ya 4 kabla ya kubishana. Wazee wetu walizoea ramani za rangi ya buluu zenye mistari myeupe, zilizotolewa kwa njia aliyoigundua Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Rangi imeondoka, mistari ni ile ile.

Katika skeli ndiko kulikozuka mzozo wa wiki iliyopita, basi nitakawia kidogo hapa. Skeli ya 1:50 maana yake milimita 1 juu ya karatasi ni milimita 50 juu ya ardhi. Mzee wetu mmoja wa Kamati, ambaye sitamtaja ijapokuwa najua atacheka akisoma haya, alichukua rula akaupima mlango mkubwa, akapata milimita 24. Akazidisha kwa 50, akapata 1,200. Akainuka akasema tumeibiwa nusu ya mlango, maana tuliagiza wa mita 2 na sentimita 40 ili mkokoteni upite na magunia yake. Hesabu yake ilikuwa sahihi na kauli yake haikuwa sahihi. Ramani ilichorwa juu ya karatasi ya A1, ambayo ni milimita 841 kwa 594. Nakala iliyo mezani imetolewa kwenye karatasi ya A3, ambayo ni 420 kwa 297. Kila urefu umekuwa nusu, hata hivyo maneno "skeli 1:50" yamebaki yalivyo, kwa sababu mashine ya kunakili haijui kusoma. Skeli ya nakala ile sasa ni 1:100, na milimita 24 zake ni 2,400, kama tulivyoagiza.

Ili kuepukana na haya, wachoraji wengi huweka chini ya picha mstari uliogawanywa kama rula, ulioandikwa 0, 1, 2, 3 mpaka mita 5. Mstari huo hupungua pamoja na karatasi, kwa hiyo hausemi uwongo. Hata hivyo kanuni yenyewe ni nyingine, nayo imeandikwa katika kila karatasi yetu: usipime kwa rula, fuata namba zilizoandikwa. Karatasi huvuta unyevu, nakala hupungua, mkono huteleza. Namba iliyoandikwa ndiyo mapatano.

Namba hizo katika ramani za ujenzi na za mitambo ni milimita, na neno milimita halitajwi. Ukiona 3600, ni mita 3 na sentimita 60. Kimo cha sakafu huandikwa tofauti, kwa mita na namba tatu baada ya nukta, pamoja na alama ya kuongeza au ya kutoa: +0.450 maana yake sentimita 45 juu ya sifuri. Sifuri yetu imewekwa kwenye kidato cha chini cha afisi ya zamani, kitu ambacho hakihamishiki, na hilo ni jambo la akili.

Kwa kuwa namba ndiyo mapatano, yafaa namba zikubaliane zenyewe kwa zenyewe. Binti anayeshika daftari la mizani alikaa na karatasi ya 2 akajumlisha vipande vya ukuta wa kaskazini, mmoja baada ya mmoja: ukuta 3000, dirisha 1200, ukuta 1800, mlango 2400, ukuta 4200. Jumla ni 12600. Lakini urefu mzima ulioandikwa juu ya vipande hivyo ni 12000. Milimita 600 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mlango. Ulipopanuliwa kutoka 1800 mpaka 2400, kile kipande cha mwisho kilitakiwa kipunguzwe kutoka 4200 kiwe 3600, na mchoraji akasahau. Ameandikiwa naye amekiri. Karatasi ya 2 itarudi na herufi C. Lau kosa hili lingalipita, fundi angalifika kwenye pembe ya nyumba akakuta ama ukuta haufiki au msingi hautoshi, na siku hiyo kila mmoja angalimtazama mwenziwe. Binti huyo hakusoma elimu ya ujenzi. Alijumlisha tu, kama anavyojumlisha frasila.

Karatasi ya 1 ni ya kiwanja, na ndiyo inayowahusu zaidi waanikaji. Kwanza utafuteni mshale wa kaskazini. Kaskazini haiwi juu ya karatasi siku zote, na katika karatasi yetu imeinama kushoto. Ghala liko kaskazini ya sakafu ya kuanikia. Je, litatutilia kivuli? Hili lahesabika. Sisi tuko kiasi cha digrii 5 kusini ya ikweta, na katika mwezi wa Julai jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, limeinama kiasi cha digrii 26 kutoka utosini. Ukingo wa paa uko mita 4 kutoka chini. Kivuli chake adhuhuri kitafika karibu mita 2 kuelekea kusini. Sakafu ya kuanikia inaanzia mita 1 kutoka chini ya ukingo wa paa. Basi ukanda wa mita 1 mbele ya ghala utakuwa kivulini saa ambayo jua ni kali kuliko zote, na msimu ukianza mapema karafuu za ukanda huo zitachelewa kukauka. Mwezi wa Disemba jua huhamia kusini na kivuli huangukia nyuma ya ghala. Kwa maoni yangu ukanda huo hautoshi kuwa sababu ya kulihamisha ghala, tunaweza kuuacha uwe njia ya kupita. Wako wasiokubaliana nami katika hili, nao wana haki ya kusema mkutanoni.

Pili itazameni mishale ya mteremko, maana imezua maswali. Sakafu ya kuanikia ina urefu wa mita 20 kutoka kaskazini kwenda kusini, na imeandikwa mteremko wa 1:100, yaani kila mita 1 hushuka sentimita 1. Upande wa ghala kimo ni +0.150, na upande wa chini ni -0.050. Tofauti yake ni sentimita 20, sawa na hesabu. Mshale juu ya sakafu umeelekea kusini, kwa sababu juu ya sakafu na juu ya paa mshale huonesha maji yanakokwenda. Lakini juu ya ngazi na juu ya njia ya kupandishia mikokoteni desturi imegeuka: mshale huonesha kwenda juu. Hiyo njia ya mikokoteni iko upande wa kaskazini wa ghala, inatoka barabarani kuja mlango mkubwa, na mshale wake nao umeelekea kusini. Mishale miwili, upande mmoja, na mmoja wapanda na wa pili wateremka. Si kosa. Katika herufi A, mshale wa sakafu ulikuwa umeelekea ghalani, na hilo ndilo lililokuwa kosa, maana mvua ya vuli ingalikuja moja kwa moja mpaka kwenye msingi wa ghala.

Karatasi ya 5 ni ya msingi na nondo, na sitaieleza yote. Jueni hili tu. Mkiona Y12-200, maana yake nondo zenye mbavu, unene wake milimita 12, zilizopangwa milimita 200 kutoka kati ya nondo moja mpaka kati ya nyingine. Kwenye urefu wa mita 6 mtapata nafasi 30, na nondo 31 kwa kuwa ya kwanza nayo huhesabiwa. Fundi akizipanga kwa 250 zitakuwa 25, na zege likishamwagwa hapana atakayeziona zile 6 zilizobaki kwake. Kwa hiyo tumeweka sharti kwamba zege lisimwagwe mpaka wanakamati wawili wamezihesabu nondo mbele ya karatasi. Kimetajwa pia kifuniko cha milimita 50, yaani unene wa zege kutoka nondo mpaka nje. Kwetu sisi tulio karibu na bahari namba hii si ya kuonewa haya kuipima, maana hewa ya chumvi ikiifikia nondo huivimbisha kwa kutu mpaka zege linapasuka.

Sasa nafika kwenye karatasi ya 7, ya tangi jipya la kupozea la mtambo wetu mdogo wa mafuta ya majani ya mkarafuu, na hapa ndipo penye ile hasara.

Wengi mnakumbuka kwamba tangi la sasa lilipowekwa, mtambo ulilala wiki mbili kati ya msimu. Watu walisema mengi. Ilivyokuwa ni hivi. Tangi ni mfano wa sanduku lililofungwa juu, kina chake kutoka mbele hadi nyuma ni milimita 900. Maji baridi huingia kwa chini na maji moto hutoka kwa juu. Mdomo wa bomba la kuingizia maji unatokeza chini ya tangi, milimita 150 kutoka upande wa mbele, nasi tulikwisha acha mfereji wa bomba hilo katika zege, upande wa mbele. Ramani ilionesha sura ya mbele, na chini yake sura nyingine yenye mduara mdogo wa huo mdomo. Nikaipeleka ramani katika karakana moja mjini, nikatia sahihi kwamba tangi lifanywe kama lilivyochorwa. Likaja limefanywa vizuri sana, illa mdomo ulikuwa milimita 150 kutoka nyuma, umegusana na ukuta. Tukavunja zege, tukachimba mfereji mpya, tukaling'oa tangi na kulirudisha. Majani waliyokwisha kuyakusanya akinamama yalinyeshewa yakaoza, na malipo yao tuliyatoa kama kawaida, maana kosa halikuwa lao.

Kosa lilikuwa la nani? Duniani kuna desturi mbili za kupanga sura juu ya karatasi. Katika desturi ya kwanza, inayofuatwa sana Ulaya, sura iliyotazamwa kutoka juu huwekwa chini ya sura ya mbele. Katika desturi ya pili, inayofuatwa Marekani, sura iliyotazamwa kutoka juu huwekwa juu, na inayowekwa chini ni ile iliyotazamwa kutoka chini, kama mtu aliyelala chali chini ya gari. Ramani yetu ilikuwa ya Kimarekani. Sura ya chini ilikuwa ya kutazamwa kwa chini, na ukingo wake ulio karibu na sura ya mbele ndio uliokuwa mbele ya tangi. Fundi aliisoma kwa desturi aliyofunzwa, akaichukulia kuwa imetazamwa kutoka juu, na kwake ukingo ule ule ukawa nyuma.

Ramani ilitupa habari mara mbili, nasi hatukuisikia. Habari ya kwanza ilikuwa katika kisanduku cha pembeni, alama ya ndoo. Ni picha ndogo ya ndoo iliyolazwa ubavu, na kando yake miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ikiwa kitako cha ndoo, yaani upande mwembamba, kimeelekea miduara, ni desturi ya Kimarekani. Ikiwa mdomo mpana ndio ulioelekea miduara, ni ya Kizungu cha Ulaya. Habari ya pili ilikuwa katika mduara wa mdomo wenyewe: ulichorwa kwa mstari uliotimia. Tangi limefungwa juu, basi lau tulikuwa tunatazama kutoka juu, mdomo ulio chini yake ungalifichwa na mduara wake ungalikuwa wa vipande vipande. Mstari uliotimia ulikuwa ukisema wazi kwamba tumo chini. Fundi hakuuliza, nami niliyetia sahihi sikuijua alama ya ndoo. Karakana ilitupunguzia sehemu ya gharama kwa wema wao, wala hatukuwa na hoja ya kuwadai zaidi, kwa kuwa karatasi ilikuwa na alama na sahihi ilikuwa yangu.

Ramani ya tangi jipya nimeitazama ndoo yake kwanza kabla ya kitu chochote. Ni ya Ulaya. Pamoja na hayo nimemwomba mchoraji aandike kwa maneno chini ya kila sura "mbele ya tangi" na "nyuma ya tangi", naye ameandika, ijapokuwa aliniambia kwamba mhandisi hahitaji maneno hayo. Sisi twayahitaji.

Katika karatasi hiyo hiyo angalieni alama mbili zinazochanganywa. Duara lililopigwa mstari wa mshazari, Ø, ni upana mzima wa tundu au bomba, kutoka upande hadi upande. R ni nusu yake, kutoka kati mpaka ukingoni. Ø50 na R25 ni tundu moja. Aliyeagiza R50 akidhani ni sawa na Ø50 atapata tundu la milimita 100, na chuma kikishatobolewa hakirudi. Tena R iliyo katika karatasi ya 5 si hii: kule, R10 ni nondo laini isiyo na mbavu, ya milimita 10. Herufi moja, karatasi mbili, maana mbili. Hapa tena tumerudi kwenye irabu.

Ramani zitakaa mezani kila siku baada ya sala ya Alasiri mpaka jioni, illa Ijumaa, hadi siku ya mkutano. Msiziandike kwa kalamu ya wino. Ipo penseli na ipo karatasi ya kuandikia maswali, na kila swali liwe na namba ya karatasi ili nijue nimpelekee mchoraji lipi. Wanachama wa mbali wasioweza kufika wamtume kijana wao anayejua kusoma, naye nitakaa naye.

Swali langu mwenyewe nimekwisha kulipeleka, na ni juu ya karatasi ya 4. Njia ya kupandishia mikokoteni imeandikwa urefu wa 3600, na kimo chake cha juu, kwenye mlango, ni +0.450. Kimo cha chini, pale inapokutana na barabara, hakikuandikwa. Ikiwa barabara hapo ni +0.150, njia itapanda sentimita 30 katika mita 3.6, yaani 1 kwa 12, na mchukuzi mwenye gunia atapanda bila taabu. Ikiwa barabara ni -0.150, itapanda 60, yaani 1 kwa 6, na hapo mkokoteni wenye magunia utahitaji watu watatu. Jumamosi asubuhi tutakwenda na ubao mrefu na pimamaji kupima kutoka kwenye kidato cha afisi mpaka barabarani. Anayetaka kuja na aje, na aliye na kamba ndefu ya uashi aje nayo.

Katibu